Gurudumu Gani kwa Anayerudia Baiskeli?

Juma hili naomba niiache bei ya kahawa ipumzike kidogo, maana tumeizungumza vya kutosha, niingie katika jambo ambalo wasikilizaji wenyewe wameniletea. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kamachumu, wilayani Muleba, ameniandikia kwamba daktari amempima akakuta sukari imepanda, akamwambia atafute mazoezi ya kila siku. Kukimbia hawezi kwa sababu ya magoti. Kutembea anatembea, lakini anasema kunamchosha roho kabla hakujamchosha mwili. Akakumbuka kwamba zamani alikuwa akienda shuleni kwa baiskeli miaka nenda miaka rudi, akaamua kuirudia. Akatenga sehemu ya mafao yake, akateremka hadi mjini Bukoba. Dukani akaonyesha kwa kidole baiskeli moja ya gia, ile ambayo vijana huiita mauntini, yenye gurudumu la inchi 26. Muuzaji akamwambia, "Mzee, hiyo ni ya zamani, imekwisha kazi. Dunia nzima sasa inapanda 29." Mwalimu akarudi nyumbani na fedha zake mfukoni, akaniuliza: je, ni kweli?

Amefanya vema kurudi nazo. Fedha za mafao hazina ndugu yake; zikitoka zimetoka. Na mtu wa umri wetu akinunua baiskeli isiyomfaa, haiuzi. Huiegesha ukutani, kuku wakalala juu yake, na sukari ikabaki palepale ilipokuwa.

Mimi nilipanda baiskeli ya kazi kwa miaka mingi nilipokuwa bwana shamba, kutoka kijiji hadi kijiji. Pikipiki ilipokuja nikaiacha, na sasa ni mwaka wa nne tangu niirudie. Kwa hiyo nitasema ninayoyajua kwa miguu yangu, na pia yale niliyojifunza kwa kukaa na mafundi chini ya miti yao, maana fundi wa baiskeli ni mwalimu ambaye watu humlipa kwa kiraka tu.

Jambo la kwanza ni kwamba namba hizi za inchi zinadanganya. Wengi wetu tulilelewa na gurudumu la 28: Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za India. Sasa mtu akiambiwa 29, anafikiri ni ile 28 ya baba yake iliyoongezwa inchi moja. Sivyo. Ringi ya ile Phoenix, pale tairi linapokaa, ina kipenyo cha milimita 635. Ringi ya hii 29 mpya ina milimita 622. Yaani 29 ina ringi ndogo kuliko 28! Kinachoifanya iitwe 29 ni unene wa tairi lake, ambalo likijazwa upepo linaliinua gurudumu zima. Ukilipima kwa nje utakuta kweli limeizidi kidogo ile ya Phoenix, lakini chuma chenyewe ni kidogo. Tairi la Phoenix ukilivisha kwenye ringi ya 29 litacheza kama koti la kaka mkubwa, na ukilijaza upepo litaruka nje. La 29 nalo ukijaribu kulivisha kwenye Phoenix, utavunja vijiko vya fundi na halitaingia.

Hata 26 si moja. Kuna 26 ya mauntini, ambayo ringi yake ni milimita 559. Kuna na 26 nyingine, nyembamba, ya zile baiskeli za mtumba kutoka Japani zenye kikapu mbele, ambayo ringi yake ni milimita 590. Zote mbili zimeandikwa 26, na tairi la moja halivai kwenye nyingine. Nimemwona dada mmoja, muuguzi wa pale Rwamishenye, amefunga safari kwenda kununua tairi "la 26", akarudi na la mauntini kwa baiskeli yake ya Kijapani. Muuzaji hakumdanganya, alimpa alichoomba.

Dawa yake iko ubavuni mwa tairi lenyewe. Chukua miwani yako, pangusa matope, utaona namba mbili zimetenganishwa na kistari, kwa mfano 50-559, au 40-635, au 54-622. Ya kwanza ni unene wa tairi, na ya pili ni kipenyo cha ringi, vyote kwa milimita. Hiyo namba ya pili haina siasa. Ikifanana, tairi litavaa, isipofanana, usilipe.

Sasa turudi kwa muuzaji na ile dunia yake nzima. Ana kweli yake. Huko Marekani na Ulaya, baiskeli mpya za milima za watu wazima karibu zote zimehamia 29, na chache zimebaki kwenye saizi ya katikati iitwayo 27.5. Lakini jiulizeni kwanza hiyo 26 ilitoka wapi. Katika miaka ya 1970, vijana wa California, Marekani, akina Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly, walikuwa wakipandisha baiskeli mlimani na kushindana kuteremka kwa kasi. Hawakuwa na kiwanda. Waliokota baiskeli kuukuu za Schwinn, za matairi manene, ambazo kampuni hiyo ilianza kuziuza mwaka 1933. Matairi hayo yalikuwa ya inchi 26. Basi mauntini ikazaliwa na 26, si kwa sababu mtaalamu alipima akaona inafaa, bali kwa sababu ndiyo iliyokuwa inapatikana. Kwa miaka kama 30 dunia ikapanda hivyo bila malalamiko makubwa. Tairi la kwanza la kweli la mauntini ya 29 lilitoka mwaka 1999. Na katika Olimpiki ya London ya 2012, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech alichukua dhahabu kwa 29, akimshinda Nino Schurter wa Uswisi, aliyepanda 27.5, kwa sekunde moja tu. Watu wale wanagombea sekunde. Mwalimu wangu wa Kamachumu anagombea sukari.

Faida ya gurudumu kubwa ni ya kweli, wala siwezi kuificha. Likikutana na jiwe au korongo dogo la maji, linapita juu yake kwa urahisi zaidi, kwa sababu linalikabili kwa mlalo na halijikiti mbele yake. Njia zetu za ndani mnazijua. Bukoba hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, na maji hayo yote hushuka ziwani kwa kupitia barabara zetu za changarawe, yakichimba mifereji na kuacha mawe yametoa vichwa. Kwenye njia ya namna hiyo, 29 hutulia kuliko 26. Kwenye lami, kama ile ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, likishashika mwendo halitaki kusimama. Mtu mrefu, mwenye miguu mirefu, huonekana amekaa ndani ya baiskeli, si juu yake kama mbuni.

Lakini waitu, sisi hatukai kwenye tambarare. Mji umelala kando ya ziwa, na ukitaka kwenda karibu popote, kwanza unapanda. Panda Ihungo. Panda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu kwa mwalimu wetu. Hapo ndipo hesabu inapokuja, nami naomba mnivumilie kwa dakika mbili, maana ndiyo kiini cha maneno yangu ya leo.

Chukua mfano wa baiskeli isiyo na gia, yenye meno 48 mbele na 20 nyuma, gurudumu la 28. Ukizungusha pedali mara moja, baiskeli inakwenda mita 5 na nusu hivi. Ndiyo maana mlimani tulikuwa tunashuka na kusukuma, na wabeba ndizi mpaka leo husukuma. Hata barobaro mwenye mapaja ya chuma hupandisha mkungu wa ndizi kwa kusukuma. Sasa chukua mauntini ya 26, uweke gia ndogo kabisa, meno 24 mbele na 28 nyuma. Mzunguko mmoja unakwenda mita 1 na sentimita 80 tu. Polepole, ndiyo, lakini goti linashukuru. Chukua 29 yenye meno yaleyale: mzunguko mmoja ni karibu mita 2. Hizo sentimita 17 au 18 zinaonekana ndogo unapozisikia redioni. Mlimani, mtu wa miaka 63, katika mzunguko wa mia tatu, atazisikia kwenye goti. Ni sawa na kumwongezea mzigo wa sehemu moja katika kumi kwa kila hatua.

Watengenezaji wa zile 29 nzuri wanalijua hilo, nao wamepunguza meno ya mbele na kuongeza ya nyuma ili kufidia. Lakini 29 nyingi za bei nafuu ninazoziona madukani huwa na gia zilezile za 26 zilizohamishiwa kwenye gurudumu kubwa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza gurudumu, piga magoti dukani uhesabu meno. Kama meno madogo kabisa ya mbele ni mengi kuliko meno makubwa kabisa ya nyuma, na wewe unakaa mlimani, iache hapo. Nasema kwa msisitizo: kwa anayerudi barabarani katika vilima vyetu, gia ni ya kwanza na gurudumu ni la pili. Muuzaji anasifia gurudumu kwa sababu linaonekana kwa mbali.

Kisha kuna kupanda na kushuka. Tulipokuwa vijana tulirusha mguu juu ya kiti huku baiskeli inakwenda. Leo nyonga hairuki. Simama katikati ya baiskeli, nyayo zote mbili chini, na viatu vyako vya kila siku: kati ya bomba la juu na mwili wako kuwe na nafasi ya vidole vitatu au zaidi. Kwa mtu mfupi, fremu ya 29 mara nyingi inamnyima nafasi hiyo, kwa sababu magurudumu makubwa yanainua kila kitu mbele, usukani ukiwemo. Baiskeli ikisimama ghafla katikati ya mlima na miguu haifiki chini, hutaanguka kama kijana. Utaanguka kama mzee, na mifupa ya wazee haina haraka ya kupona. Kwa akina mama wanaovaa kitenge, na kwa mzee yeyote ambaye nyonga yake inakataa, wala sioni aibu kupendekeza fremu ya kike, isiyo na bomba la juu. Wanaocheka watacheka siku mbili.

Sasa nifike kwenye lile ambalo muuzaji hakulitaja kabisa, nalo ndilo linaloamua: siku tairi likichanika. Nimezunguka kwa mafundi wengi kati ya mjini na Muleba, Kemondo, Muhutwe hadi Nshamba. Ukiuliza tairi la 28 la Phoenix, lipo. Ukiuliza tairi la 26 la mauntini, lipo, na mara nyingi yapo ya aina mbili uchague. La 29 utaambiwa, "Labda mjini." Mjini utaambiwa, "Labda Mwanza," au umtume mtu anayekwenda Kampala kwa kupitia Mutukula. La 27.5 fundi anakuangalia kwanza usoni aone kama unamtania.

Tyubu si tatizo kubwa. Mpira hunyooka. Tyubu la 28 la Phoenix huingia ndani ya tairi la 29 na kukufikisha nyumbani, na tyubu la 26 ukilivuta kidogo litaingia kwenye 27.5. Ila angalieni tundu la ringi. Kuna mdomo wa kujazia upepo wa baiskeli zetu za zamani, wenye kampira kembamba ndani. Kuna mdomo wa aina ya gari na pikipiki. Hizo mbili zinapita tundu moja. Lakini baadhi ya magurudumu ya kisasa yametobolewa tundu dogo la ule mdomo mwembamba wa Kifaransa, na hapo tyubu la kijijini halipiti, na pampu ya kijijini haishiki. Muombe fundi alipanue tundu hilo siku ileile ya kununua, kama ringi ina upana wa kutosha, au uchague nyingine. Kwangu mimi mdomo wa gari ndio bora, kwa sababu kila kituo cha bodaboda kina mtu wa kujaza upepo. Ila mwambie aachie kidogokidogo. Ile mashine ya upepo imepasua matyubu mengi ya baiskeli kwa mlio uliowakimbiza mbuzi.

Tairi, hilo ndilo kesi. Tairi haliombwi kwa jirani wa saizi nyingine. Likichanika ubavuni kwa jiwe, utalishona kwa uzi wa nailoni na kulitilia kipande cha tairi kuukuu ndani, litakwenda juma moja. Baada ya hapo baiskeli inasimama. Na kwa mtu aliyeambiwa na daktari asikose siku, majuma matatu ya kungoja tairi kutoka Mwanza ni majuma ya kurudi kwenye kiti cha barazani. Mwezi mmoja ukipita, wengi hawarudi tena. Nawajua wawili wa namna hiyo, na baiskeli zao ni nzuri kuliko yangu.

Kwa hiyo, Mwalimu, hili ndilo jibu langu, kwako na kwa walio katika hali kama yako. Nunua 26, ile ya milimita 559, yenye gia ndogo za kutosha, yenye ringi za alumini, na nafasi ya kuweka madigadi, maana matope yetu mekundu hayachagui mstaafu. Weka tairi la unene wa wastani, lisiwe na meno marefu kama la trekta. Meno marefu yanafaa siku kumi za matope na kukutesa siku zilizobaki za lami na changarawe. Gurudumu hilo dogo lina nguvu zaidi pia, kwa sababu spoku zake ni fupi, na siku utakapoweka mjukuu au debe la maharage kwenye karia utaliona.

Wewe uliye mrefu, tuseme umepita mita 1 na sentimita 80, unayekaa mjini na kupanda zaidi kwenye lami, chukua 29 wala usiniogope. Ila siku hiyohiyo nunua matairi mawili ya akiba, uyatundike mahali pasipo jua. Bei yake ihesabu kuwa ni sehemu ya bei ya baiskeli. Kama haitoshi, basi baiskeli hiyo haikutoshi. Juu ya 27.5 sina ugomvi nayo. Ni saizi yenye heshima, Wafaransa wa zamani waliipanda kwa jina jingine kabla mauntini haijazaliwa. Ila kwa Kagera ya leo ni mgeni asiye na jamaa.

Na mwenye Phoenix ya 28 iliyolala stoo asiitupe. Kama njia yako ni ya tambarare, kwa mfano unazunguka Gymkhana na Nyamukazi asubuhi kabla jua halijawa kali, ile inakutosha kabisa. Mpelekee fundi abadilishe friwili ya nyuma aweke yenye meno mengi zaidi, 22 ikipatikana, abadilishe na raba za breki. Lakini usiteremke nayo Ihungo wakati wa mvua. Ringi ya chuma ikilowa, zile breki za vyuma zinashika mawazo yako tu, baiskeli yenyewe inaendelea na safari.

Jambo dogo la mwisho. Ukishanunua, chochote utakachonunua, andika ile namba ya ubavuni mwa tairi kwenye karatasi, moja uitie kwenye pochi, nyingine umpe fundi wako abandike kibandani. Hata mjukuu akitumwa Mwanza, au dereva wa basi akiombwa msaada, ataonyesha karatasi na hatahitaji kueleza.

Muda wangu umekwisha. Swali la breki wameliuliza wengine watatu, mmoja wao kutoka Rubya, nami nitalijibu juma lijalo. Kwaherini.